Hita ya Umeme Ndani ya Kempa: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Ilikuwa Januari, Iowa, Marekani, usiku wa nyuzi 18 chini ya sifuri. Nilikuwa naishi ndani ya kempa, ile nyumba ya magurudumu inayokokotwa na pikapu, kwa sababu kodi ya chumba ilinishinda. Nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Hita ilikuwa inavuma kama kawaida, taa zinawaka, breka, ile swichi inayojikata yenyewe umeme ukizidi, haijaruka. Nilipochomoa plagi, mguu wake mmoja ulitoka na kipande cha soketi kilichoyeyuka.

Tangu hapo, ndugu yeyote akiniambia anahamia kwenye kempa na atajipasha moto kwa hita ya umeme, namwomba tukae kwanza. Maneno yanayozunguka ni mengi, na mengine yanaunguza watu usingizini.

"Umeme ukizidi, breka itakata"

Hili ndilo kubwa kuliko yote, na sisi tuliokulia Afrika Mashariki linatupata kirahisi. Nyumbani umeme ni volti 230 au 240. Hita ya wati 1500 ukiiwasha Dar es Salaam inavuta ampea 6.5 hivi, na ile plagi ya miguu mitatu ya mraba ina fyuzi yake ndani. Soketi ya kawaida ya Marekani ni volti 120. Hita ya wati zile zile inavuta ampea 12.5, na plagi yake haina fyuzi. Tena, joto kwenye kiungo kilicholegea halipandi sambamba na ampea: ampea zikiwa maradufu, joto hilo linakuwa mara nne.

Breka inapima wingi wa umeme unaopita. Kiungo kibovu haikioni. Chukua soketi iliyolegea, yenye ukinzani wa omu 0.2 tu. Ampea 12.5 zikipita hapo, zinatoa wati 31 za joto mahali padogo kama punje ya mahindi. Ni joto sawa na la kile chuma cha fundi redio cha kuyeyushia risasi. Breka ya ampea 15 inaona 12.5 zinapita, haina sababu ya kuruka, na wewe umelala.

Kempa nayo ina udhaifu wake. Soketi nyingi za kempa hazifungwi waya kwa skrubu. Waya umekandamizwa tu kwenye meno ya chuma nyuma ya soketi. Kisha nyumba nzima inakokotwa barabarani maelfu ya maili, ikitikisika. Kanuni za umeme za Marekani zenyewe zinahesabu kitu kinachowaka saa tatu mfululizo au zaidi kuwa mzigo wa kudumu, na kwa mzigo huo waya wa breka ya ampea 15 haupaswi kubebeshwa zaidi ya ampea 12. Hita iliyofunguliwa mwisho usiku kucha imeshavuka hapo.

Ninachofanya sasa ni hiki. Naiwasha kwenye kiwango cha chini, wati 750, ambapo joto kwenye kiungo linashuka hadi robo. Baada ya nusu saa naigusa plagi kwa vidole. Vuguvugu naweza kuvumilia. Ikiwa moto kiasi cha kutoshikika, nazima na soketi ile inabadilishwa kabla hita haijarudi hapo. Ekstensheni ya kugawa soketi siitumii kabisa kwa hita. Pazia, godoro na nguo zinakaa umbali wa mita moja, jambo ambalo ndani ya kempa linadai kupanga upya vitu vyote.

"Soketi mbili, hita mbili"

Soketi mbili si lazima ziwe na nyaya mbili. Kwenye kempa ndogo, soketi za chumba kizima mara nyingi ziko kwenye breka moja. Na kempa ya ampea 30 inapokea wati 3600 kwa jumla. Hita mbili zikifunguliwa mwisho zinachukua 3000; washa maikrowevu, giza.

"Hita ya mafuta ina joto zaidi"

Hapana. Wati 1500 ni wati 1500, iwe hita ya mafuta, ya feni au ya mionzi: zote zinatoa BTU (kipimo cha joto cha Marekani) 5100 hivi kwa saa. Tofauti ni namna joto linavyokufikia. Ya mafuta inachelewa lakini haina kelele, ya feni ina haraka, ya mionzi inakupasha wewe uliye mbele yake. Usiuziwe bei mara tatu kwa ahadi ya joto la ziada.

"Ndani nikiwa na joto, mabomba yako salama"

Hili liliniuma mfukoni. Kempa nyingi zina tanuri la gesi lililojengwa ndani, la BTU 20,000 hadi 40,000, na kwenye zile zilizotengenezwa kwa ajili ya baridi, sehemu ya hewa yake ya moto inapelekwa chini ya sakafu, yalipo mabomba na matangi ya maji. Nikawa nabana gesi. Hita ya umeme ilipasha chumba vizuri, kidhibiti joto kikaona hakuna haja ya kuwasha tanuri, na kule chini hakuna hata pumzi ya joto iliyofika. Mimi nimekaa na fulana, bomba la jikoni limeganda na kupasuka chini ya miguu yangu.

Kwa hiyo usiku wa baridi kali tanuri ndilo linalobeba mzigo, na hita ya umeme inasaidia tu. Pia nimezungushia mbao za sponji kuanzia sakafu hadi ardhini ili upepo usipite chini.

"Betri itanivusha usiku"

Betri ya kawaida ya risasi ya ampea-saa 100 usiitumie zaidi ya nusu. Hita ya wati 1500 kupitia inveta inavuta kama ampea 140 kutoka betri ya volti 12. Hupati zaidi ya dakika 20 hivi.

"Hita haina moshi, king'ora cha kaboni monoksidi cha nini?"

Ni kweli, hita ya umeme haitoi gesi hiyo. Lakini tanuri lipo, jiko la gesi lipo, na jirani anawasha jenereta chini ya dirisha lako. Kaboni monoksidi ni gesi inayoua, na haina rangi wala harufu.

Kuna jambo jingine ambalo Waswahili tunalijua kwa majonzi. Njombe au Limuru, baridi ikikaza, mtu anaingiza jiko la mkaa chumbani, nalo linatoa gesi ile ile, anafunga mlango, asubuhi haamki. Kempa ni ndogo kuliko chumba kile na imezibwa zaidi. Umeme ukikatika usiku wa theluji, mkono utalitafuta jiko bila kufikiri. Naujua mkono huo, ni wangu. Ndiyo maana usiku huo navaa kila nguo niliyonayo, au nawasha gari na kwenda kwa ndugu mwenye nyumba. Jiko langu linakaa nje, chini ya ngazi.