Mwanga wa asubuhi kwa mtoto mwenye kisukari: pima sukari kwanza

Mtoto mwenye kisukari akiamka amenuna, akilia ovyo au akikataa shule, huenda ana huzuni. Huenda pia sukari imeshuka, na dalili hizo hufanana mno. Kwa hiyo mnawishe mikono, ikauke, umpime. Kidole chenye maji ya embe hutoa namba ya juu ya uongo. Sukari ikiwa chini ya 4.0 mmol/L, korogea vijiko 3 vidogo vya sukari katika nusu glasi ya maji anywe (mdogo zaidi hupunguziwa), kisha mpime tena baada ya dakika 15. Mara nyingi hasira huishia hapo.

Sukari ikiwa sawa na mtoto bado mnyonge, mwanga unaweza kumsaidia. Ukiingia machoni asubuhi hurekebisha saa ya mwili, usingizi wa usiku ukaja kwa wakati. Ulaya ya kaskazini, ambako jua la majira ya baridi ni la saa chache, hutumia taa ya laksi 10,000 (laksi ni kipimo cha ukali wa mwanga) kwa dakika 30. Hapa Kisumu sioni haja ya kuinunua. Tuko jirani na ikweta, na hata siku ya mawingu nje kuna laksi maelfu, ilhali sebuleni ni mia chache tu.

Baada ya insulini na chai, akae au atembee nje dakika 30, asilitazame jua. Kutembea hushusha sukari, basi abebe glukosi mfukoni. Anayepanda matatu kungali giza atoke nje wakati wa mapumziko.

Kinachoharibu mambo ni kuianika insulini pamoja na mtoto. Chupa ibaki ndani, kwenye nyungu iliyozungushiwa mchanga wenye maji. Ikipigwa jua hupoteza nguvu, pengine bila kubadilika rangi. Sukari hupanda, mtoto huzidi kunyong'onyea, na mzazi hudhani mwanga ndio umeshindwa.

Utafiti kwa watoto hawa bado ni mchache, kwa hiyo mwanga hauchukui nafasi ya insulini wala ya mshauri. Mwenye ualbino, au aliyewahi kuchangamka kupita kiasi hata asilale, aonwe na daktari kwanza. Anayekataa sindano au kusema amechoka kuishi apelekwe kliniki siku hiyo hiyo. Akitapika na kuhema kwa nguvu, kimbieni hospitali, hata kama ni usiku.