"Umeme kurudi na nguvu" ni nini hasa?

Umeme ukikatika tu, hakosi mtu wa kupiga kelele: "Chomoeni friji!" Sawa. Ila tunachokiita umeme kurudi na nguvu ni matatizo tofauti yaliyopewa jina moja, na kinga ya hili haifai kwa lile.

Kuna mruko. Umeme wa majumbani Tanzania ni volti 230. Radi ikipiga karibu na nguzo, volti zinaweza kuruka hadi maelfu, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Kinachozuia hapa ni varista, kidude bapa cha duara mfano wa sarafu, mara nyingi cha buluu, kinachokaa karibu na fyuzi ndani ya ekstensheni nzuri. Siku zote kimelala. Volti zikizidi kiwango chake kinafungua njia na kuupitishia humo umeme wa ziada. Kila kipigo kinakichosha. Ndiyo maana ekstensheni ambayo kitaa chake cha kinga kimezimika itaendelea kuchaji simu yako vizuri tu, huku hailindi chochote.

Baya zaidi ni nyutro, waya unaorudisha umeme, kukatika njiani. Nyumba zinazotumia nyutro moja zikipoteza waya huo, kwako volti zinaweza kusogelea 400, na si kwa kufumba na kufumbua, bali mpaka mtu akate. Taa zako zinawaka kupita kiasi, za jirani zimefifia. Varista hapo itaungua yenyewe. Unahitaji friji gadi au TV gadi, inayopima volti na kukata kabisa zikitoka nje ya kiwango.

Umeme mdogo nao unaua, ila si kila kitu. Soma nyuma ya chaja: nyingi zimeandikwa 100–240, hazijali. Mota ya friji ndiyo inayohangaika kuanza, ikivuta mkondo mkubwa hadi inachemka. Tena gadi huchelewesha umeme dakika kadhaa ili presha ya gesi ndani ya kompresa itulie kwanza. Wapo wanaoirudisha dukani kwa hilo: "Taa imewaka, friji kimya, mmeniuzia mbovu."

Radi ikianza kunguruma, usitegemee kifaa. Chomoa, pamoja na waya wa dishi, maana nao ni mlango.