Ukomo wa akili katika mjadala wa kuwepo kwa Mungu

Ukomo wa akili ni dhana inayosema kwamba yapo maswali ambayo binadamu anaweza kuyauliza, lakini akili yake haina nyenzo za kuyajibu. Haina maana kwamba binadamu ni mjinga. Wala haihusu jambo ambalo bado halijachunguzwa: chanzo cha ugonjwa mpya huenda hakijulikani leo, lakini vipimo vikiboreshwa kitajulikana. Ukomo ni pale ambapo hata ukiongeza vipimo, miaka na wataalamu, swali linabaki pale pale, kwa sababu tatizo limo katika kipimo chenyewe.

Chukua hoja inayosikika sana: kila kilichoanza kuwepo kina chanzo, ulimwengu ulianza kuwepo, basi una chanzo, naye ni Mungu. Mpinzani huuliza ni nani aliyethibitisha kwamba ulimwengu ulianza, na kwa nini chanzo hicho kiwe Mungu. Wanaweza kukesha wakibishana. Mwaka 1781, katika kitabu chake kuhusu mipaka ya akili, mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant aliwasimamisha wote wawili kwa swali la nyuma zaidi: hiyo kanuni ya chanzo na tokeo ina mamlaka hadi wapi? Kwake, ni njia ambayo akili hupangia mambo yanayotufikia kupitia milango ya fahamu, na humo ina nguvu kamili. Ukiitoa humo ukaipeleka kwenye ulimwengu mzima, au nje yake, hakuna tena kinachoidhamini. Akatoa na dalili ya kutambua kwamba mpaka umevukwa: mtu anaweza kujenga hoja inayoonekana kamili kwamba ulimwengu una mwanzo, na nyingine kamili vilevile kwamba hauna.

Hegel, mwanafalsafa mwingine Mjerumani aliyemfuata, alimpinga: kuujua mpaka kuwa ni mpaka, alidai, ni kuwa tayari umeuvuka. Pingamizi hilo ni zito, ila halinishawishi. Anayeteremsha ndoo kisimani hujua kamba imeisha kabla ndoo haijagusa maji, ingawa kina cha kisima hakijui.

Dhana hii si ya Ulaya peke yake. Karibu karne saba kabla ya Kant, mwanazuoni wa Kiislamu Al-Ghazali aliwakabili wanafalsafa waliodai wamethibitisha kwa akili kwamba ulimwengu ni wa milele. Hakuitupa mantiki. Aliitumia mantiki yao wenyewe kuonyesha kwamba uthibitisho wao haukufika walikodai umefika. Mwanafalsafa Mwislamu Ibn Rushd alimjibu katika karne iliyofuata, hoja kwa hoja.

Nasisitiza kwamba Al-Ghazali hakuitupa mantiki, kwa sababu siku hizi dhana hii inatumiwa vibaya mno. Mtu hutoa hoja tatu kuthibitisha kwamba Mungu yupo, zikibomolewa, anasema, “Akili zetu ni ndogo, hatuwezi kumwelewa.” Kama ni ndogo, zilikuwa ndogo hata alipotoa hoja ya kwanza. Hawezi kuitegemea akili inapompa ushindi na kuikana inapomwangusha. Tena ukomo wa akili hauokoi kauli inayojipinga yenyewe: duara lenye pembe nne si fumbo lililo juu ya uwezo wetu, ni maneno yaliyovunjana.

Anayekana Mungu naye huvuka mpaka huohuo anaposema, “Hakuna ushahidi, kwa hiyo hayupo.” Hoja ya namna hiyo hufaa kwa tembo sebuleni: angekuwamo tungemwona, hatumwoni, basi hamo. Inafaa kwa sababu tunajua tembo huacha dalili gani. Kwa Mungu, dalili tunazopaswa kuzitarajia ndizo zenyewe zinazobishaniwa, na hilo lazima lijadiliwe kwanza.

Watu wengi hudhani kukubali ukomo huu ni sehemu ya imani yenyewe. Si lazima. Kant alifika huko: katika toleo la pili la kitabu chake, mwaka 1787, aliandika kwamba ilimbidi kuweka kando ujuzi ili kuipa imani nafasi. Lakini mwaka 1870 Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, ulifundisha kinyume chake, kwamba Mungu anaweza kujulikana kwa hakika kwa mwanga wa akili ya binadamu kupitia vitu vilivyoumbwa. Kwa hiyo mtu akikuambia imani inafundisha kwamba akili haiwezi kumfikia Mungu, muulize ni imani ipi.