Donge kooni na akili iliyofichika: maswali na majibu

Juzi nilialikwa na chama cha kina mama wa Nyalenda, hapa Kisumu, tuzungumze kuhusu stres na usingizi. Karatasi niliyoandaa ilibaki mkobani. Walichotaka kujua ni inakuwaje mtu aumwe, apimwe kila kipimo, kisha daktari aseme hana kitu. Haya ndiyo maswali yao, na majibu yangu nimeyapanua kidogo.

Sista, mtu anawezaje kuwa na jambo akilini na mwenyewe asilijue?

Umewahi kumwita mtoto kwa jina la marehemu, kisha ukashtuka? Au jina la mtu mliyekosana likakaa kwenye ncha ya ulimi, halitoki? Sehemu ya akili tunayoifahamu ni ndogo. Nyuma yake kuna hofu, hasira, tamaa na kumbukumbu tulizozisukuma ndani kwa kuwa zinauma mno au zinatutia aibu. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, lakini hapa mwenye maradhi hajui hata kwamba anaficha.

Aliyelijengea jambo hili nadharia na tiba ni Sigmund Freud, daktari wa neva aliyezaliwa 1856 na kufanya kazi Vienna, Austria. Tiba hiyo huitwa uchanganuzi nafsi, au saikoanalisisi. Mwaka 1923 aliieleza nafsi kwa sehemu tatu: inayotaka tu, kama mtoto mchanga, inayokataza, yaani sauti ya wazazi na jamii tuliyokua nayo, na ya katikati, inayohangaika kuzipatanisha hizo mbili na maisha yalivyo.

Na hiyo tiba ya kuongea ilianzaje?

Ilianza na msichana wa Vienna aliyetibiwa kuanzia 1880 na daktari Josef Breuer, rafiki yake Freud. Katika maandishi alipewa jina Anna O.; jina lake hasa lilikuwa Bertha Pappenheim. Alikuwa amemuuguza babake hadi naye akaugua. Mkono wa kulia ulipooza. Kijerumani, lugha yake ya nyumbani, kikampotea akabaki kuongea Kiingereza. Wakati fulani akashindwa kunywa maji kwa wiki kadhaa, kiu ikimuua, akawa anaishi kwa matunda. Siku moja katika mazungumzo akasimulia kwamba aliwahi kumwona mbwa akinywa maji kwenye glasi ya mwanamke aliyeishi nao. Alichukia kupita kiasi, ila kwa adabu akanyamaza. Alipokwisha kutoa hasira yote, aliomba maji akanywa.

Kisa hiki husimuliwa kana kwamba alipona palepale, na si kweli. Baada ya 1882 alilazwa tena hospitalini. Baadaye alikuja kuwa mtetezi mkubwa wa wanawake Ujerumani.

Umewahi kuona kitu kama hicho hapa kwetu?

Ndiyo. Nasimulia kwa ruhusa ya mwenyewe, na baadhi ya mambo nimeyabadilisha asitambulike. Mama mmoja muuza omena alikuwa akikabwa na donge kooni kila Agosti. Alipimwa malaria, vidonda vya tumbo, koo likamulikwa, hakuna kitu. Agosti ndipo uvuvi wa omena hufunguliwa baada ya kufungwa tangu Aprili, na ni Agosti ziwa lilipomchukua mumewe. Kwenye matanga hakulia. Alikuwa akiwapakulia watu chai.

Wiki tatu mfululizo alinieleza bei ya gorogoro, karo na mashemeji. Wiki ya nne akaanza kuniambia kuhusu usiku ule, upepo, taa za mitumbwi. Akasema, “Nilimwambia aende.” Akanyamaza. Alikusudia kusema “asiende”, maana hivyo ndivyo alivyowaeleza watu miaka yote. Alijisikia mwenyewe, leso ikapanda mdomoni, akalia hadi mlinzi akaja kuchungulia. Kumbe jioni ile waligombana kuhusu karo, na ni yeye aliyemhimiza mumewe atoke.

Agosti iliyofuata donge lilirudi. Halikukaa sana, na safari hii alijua lilitoka wapi.

Kwa hivyo maumivu yasiyoonekana kwenye vipimo yanatoka akilini?

La, hasha. Pimwa kwanza, na kipimo kimoja kisipotosha rudi upimwe tena. Nimeona tezi la shingo likiitwa mawazo, na kifafa kikiitwa mapepo. Wala mtu ambaye akili inamuumiza mwili hajifanyi: koo lile lilikuwa linabana kwelikweli.

Ndoto nazo? Sisi marehemu akija ndotoni mtoto anapozaliwa, tunasema anadai jina.

Freud aliamini ndoto hubeba matakwa tusiyothubutu kuyakiri mchana, yakiwa yamevaa sura nyingine. Carl Jung wa Uswisi, aliyekuwa mwenzake hadi walipoachana mwaka 1913, alikuja huku kwetu. Mwishoni mwa 1925 alipiga kambi kwenye miteremko ya Mlima Elgon, akawauliza wenyeji kuhusu ndoto zao. Aliandika kwamba walitofautisha ndoto ndogo, za mtu binafsi, na kubwa, zinazohusu jamii nzima. Mzee mmoja wa kuagua alimwambia, macho yakimlenga machozi, kwamba tangu Waingereza waje hapati tena ndoto, kwa sababu sasa mkuu wa wilaya ndiye anayejua kila kitu.

Mimi siwafasirii watu ndoto. Namuuliza mtu: ulipoamka ulihisi nini, na nani alikujia akilini? Jina la mtoto lijadilini nyumbani kama mila inavyotaka.

Je, wanasayansi wanamkubali Freud?

Mengi wameyakataa, hasa aliyosema kuhusu wanawake na kuhusu mtoto kumtamani mzazi. Aliegemea wagonjwa wachache wa mji mmoja. Kwamba akili hufanya kazi nyingi bila sisi kufahamu, hilo limesimama. Na tiba za kuongea zimekua nyingi. Zipo fupi, za wiki chache, zinazohusu mawazo na mienendo ya sasa.

Nikitaka kuongea na mtu, niende wapi?

Kisumu, jaribu hospitali ya rufaa ya Jaramogi, ile tunayoita Russia. Nakuru kuna hospitali ya rufaa ya kaunti, na Eldoret kuna Moi. Ulizia kitengo cha afya ya akili. Nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu hupigwa bure. Ukiwa na mawazo ya kujiua, usingoje kliniki: mwambie mtu aliye karibu nawe sasa hivi, akupeleke hospitali yoyote.

Ukifika mapokezi, si lazima ueleze kisa chako dirishani watu wakisikia. Sema tu unataka kumwona kaunsela.