Ruba hayumo: neno “leach” na yanayosemwa juu yake

Mzee mmoja wa Tandahimba alinijia na kipeperushi cha kilimo cha korosho, kimefasiriwa kutoka Kiingereza. “Mwalimu, hawa ruba tunawapulizia dawa gani?” Nikasoma alipowekea kidole: “Mvua kubwa huleta ruba wanaonyonya rutuba ya shamba.”

Mfasiri aliona “leach” akadhani ni “leech”. Nisimcheke sana, maana maneno hayo hutamkwa sawasawa na yametengana kwa herufi moja tu. “Leech” ndiye ruba, yule wa majini anyonyaye damu. “Leach” huhusishwa na neno la Kiingereza cha kale, leccan, lenye maana ya kulowesha. Hakuna mnyonyaji hapo, ni maji yanayopita ndani ya kitu na kuondoka na kinachoyeyuka.

“Basi ni mmomonyoko.” Hili nalisikia hata kwa waliosoma. Mmomonyoko unachukua udongo wenyewe: unaona korongo, unaona mizizi imebaki wazi. Kwenye “leach” udongo haujaondoka. Mvua inapiga, mchanga wa uwanda wa Makonde unakunywa maji upesi, na maji yanaposhuka yanateremka na vilivyoyeyuka: nitrati, potasiamu, kalsiamu. Juu shamba ni lilelile, ila mahindi yanatoka ya njano. Fosforasi haina haraka hiyo, hung'ang'ania udongo. Na salfa tunayopulizia ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho? Inayoanguka chini hugeuzwa asidi na bakteria, na asidi hiyo huibandua kalsiamu na magnesiamu kwenye chembe za udongo, mvua ikazishusha.

“Kiswahili hakina neno lake.” Linalo, tena liko kwenye kamba ya nguo. Kanga mpya ukiifua, maji yakawa mekundu, unasema inachujuka. Nguo ipo, rangi imeondoka na maji. Hata matumizi ya mafano yanakaribiana: sisi husema mwimbaji fulani kachujuka, Waingereza nao husema rangi ya uso au furaha “imelichi”. Kuvuja ni jambo jingine. Maji yanavuja kwenye tundu la ndoo, ila rangi ya kanga haihitaji tundu.

Kinachowachanganya wanafunzi ni sarufi. Kwa Kiingereza mvua hu-“leach” udongo, mvua hu-“leach” rutuba, na rutuba nayo hu-“leach” yenyewe, kitenzi kisibadilike umbo. Mawili ya kwanza tunayo: unakamua ng'ombe, na unakamua maziwa. Kwa la tatu sisi hugeuza kitenzi, tukasema rutuba imechujuka.

“Kuloweka mihogo ni leach tu.” Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ni chakula. Mhogo mchungu una linamarini, ambayo ikivunjika hutoa sianidi. Wengi hudhani maji yanaifuata sumu ndani ya mhogo na kuitoa kama rangi ya kanga. Ni nusu ya habari. Mihogo mizima iliyomenywa ikilala majini siku tatu hadi tano, inachacha na kulainika, kuta za seli zake zinabomoka, kimeng'enya, yaani kichocheo kilichomo ndani ya mhogo wenyewe, kinakutana na linamarini na kuivunja. Sianidi inayotoka nyingine inabaki majini, nyingine inapaa hewani mihogo inapokamuliwa na kuanikwa. Ndiyo maana kuichovya saa moja na kuitoa hakufai kitu: maji yapo, kuchacha hakujatokea. Jua peke yake nalo halitoshi. Mwaka 1988 watu wa wilaya ya Masasi walidhurika kwa unga wa mihogo michungu iliyosindikwa upesi bila kulowekwa. Mwanafunzi akiniandikia kwamba kuloweka mihogo ni “leaching”, nampa nusu ya alama, na hununa.

“Ni jambo baya siku zote.” Hapana. Shamba lililoingiwa na maji ya bahari huoshwa kwa maji mengi yasiyo na chumvi ili chumvi ishuke chini ya mizizi, na kitenzi ni hichohicho. Bibi zetu waliotoboa chombo, wakakijaza majivu, wakapitisha maji taratibu wapate maji ya kulainishia mboga, walikuwa wanafanya “leach” safi kabisa; Waingereza wa zamani nao walitengeneza maji ya majivu ya sabuni kwa njia hiyohiyo. Wachimba dhahabu huloweka marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyokwisha kusagwa, kwenye maji ya sianidi ili dhahabu iyeyuke. Kichekesho ni kwamba kwenye mhogo sianidi ndiyo inayotolewa, kwa wachimbaji ndiyo inayotoa.

Nilimwandikia mzee sentensi mpya nyuma ya kipeperushi: “Mvua kubwa huyeyusha rutuba na kuishusha chini.” Akaisoma mara mbili.

“Kumbe shamba limechujuka.”

“Ndiyo, mzee wangu.”

“Sasa hiyo iliyoshuka, inamfaa nani huko chini?”

Nikamwambia mahindi hayaifikii. Mkorosho, kwa mizizi yake mirefu, huenda ukaikuta nyingine njiani, ukairudisha juu kwenye majani, yakaanguka. Akatazama mikorosho yake, kisha akaniuliza kwa nini basi huwa anayafagia majani hayo na kuyachoma.