Je, wajua mishahara ya waliojenga reli ya TAZARA ilitoka dukani?

Habari za TAZARA utazikuta zimeandikwa vilevile kila mahali: China ilitoa mkopo usio na riba, yuan milioni 988, wa kulipwa kwa miaka 30, reli ikajengwa kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka New Kapiri Mposhi kule Zambia, kazi ikaanza 1970 na 1976 ikakabidhiwa, basi, imeisha hiyo. Sasa mimi swali langu ni dogo tu. Yule jamaa aliyekuwa anachimba tuta kule Mlimba alilipwa nini? Yuan? Angeenda kununulia nini, alitaka shilingi, na China shilingi haikuwa nazo. Dola nazo ilikuwa inazibania, maana hiyo ni China ya Mao, sio hii tunayoijua leo.

Na vibarua walikuwa wengi bwana! Kazi ilipopamba moto Watanzania na Wazambia walipita elfu 30 kwa wakati mmoja, hapo Wachina wenyewe hujawahesabu. Kipande cha Mlimba hadi Makambako ni milima mitupu, madaraja na mahandaki, hapo ndipo watu walipotoka jasho hasa. Wote hao mwisho wa mwezi wanasubiri hela.

Walichofanya ni hivi. Sehemu ya mkopo ililetwa kama bidhaa. Meli inatoka China imejaa vitambaa, baiskeli, vyombo vya bati, chupa za chai, tochi, vitu vya nyumbani tu vya kawaida, inashusha Dar, mzigo unachukuliwa na shirika la biashara la serikali, yaani STC (hii ndiyo 1973 ilivunjwa yakazaliwa yale maduka ya RTC ya mikoani), wananchi wananunua kwa shilingi zao na zile shilingi ndizo zinazokwenda kulipa gharama za ndani za reli, mishahara ikiwemo. Reli zenyewe, mabehewa na mitambo vilikuja moja kwa moja, hivyo havikupitia dukani.

Mimi naona ilikuwa akili kubwa, na sio kwa sababu ya dola tu. Fikiria serikali ingeamua kuchapisha noti iwalipe maelfu ya watu wote hao halafu madukani hakuna kitu, bei zingepaa mpaka basi. Hapa mshahara na bidhaa za kununua kwa mshahara huo vinakuja pamoja, tena yule kibarua akinunua sufuria la Mchina hela yake inarudi kule kule kulipa mshahara mwingine.

Lakini tusijidanganye kwamba ilikuwa bure, deni lilibaki pale pale. Mwananchi keshalipia sahani yake, ila serikali bado inadaiwa na China thamani ya ile sahani. Halafu ukishakubali mpango huu lazima ununue vya China, utake usitake, hata kama kuna mwingine anauza kizuri zaidi. Huo ndio mtego wa misaada mingi tu hata ya Wazungu, fedha zinatoka kwao halafu zinarudi kwao kununua vitu vyao, tofauti ni kwamba hapa mzigo wenyewe ulipita mikononi mwa watu wa kawaida.

Kwa nini tusingekopa kwingine sasa? Tulijaribu. Benki ya Dunia 1964 ilishasema reli hiyo haina faida. Mwaka 1965 mwezi wa pili Nyerere akaenda China, Novemba mwaka huo huo Ian Smith, kiongozi wa walowezi wa Kizungu, akajitangazia uhuru wake Rhodesia (Zimbabwe ya leo), na shaba ya Zambia kwenda baharini ilikuwa inapita huko huko kwa Smith. Kaunda, rais wa Zambia, alikuwa kabanwa kweli kweli. Septemba 1967 mkataba ukasainiwa Beijing. Cha kuchekesha, nchi za Magharibi zilivyoona hivyo nazo zikachangamka: Wamarekani wakashika barabara ya kwenda Zambia, na Waitaliano wakajenga bomba la mafuta la TAZAMA likaanza kazi 1968.

Mwaka 2025 reli hii imerudi tena mikononi mwa Wachina, kampuni ya CCECC itaikarabati na kuiendesha kwa miaka 30, uwekezaji wa dola bilioni 1.4. Safari hii ni biashara kavu, mwekezaji atarudisha hela yake kwenye nauli za mizigo, na shaba ya Zambia ndiyo inayotolewa macho.