"Haina kemikali": bidhaa ya namna hiyo haipo

Sabuni, mafuta ya nywele, juisi, hata mbolea: siku hizi nyingi huuzwa kwa maneno "haina kemikali". Nyuma yake kuna imani ya miaka mingi kwamba cha asili ni salama na kemikali ni sumu ya viwandani.

Mwaka 2008, Jumuiya ya Kifalme ya Kemia ya Uingereza iliahidi pauni milioni 1 kwa yeyote atakayeiletea kitu kisicho na kemikali kabisa. Chama hicho, chenye mizizi London tangu 1841, huchapisha majarida ya utafiti, huthibitisha sifa za wanakemia na kuwasaidia walimu. Kwangu mimi, kuzungumza na mnunuzi wa kawaida namna hii ni kazi yenye uzito uleule.

Maji ni kemikali. Harufu ya ndizi mbivu hutokana kwa sehemu kubwa na kemikali iitwayo isoamili asetati. Iwe imetoka kwenye ndizi au maabara, molekuli ni ileile.

Na muhogo mchungu? Hata usiponyunyiziwa dawa yoyote, una viambata vinavyotoa sianidi, sumu inayoua. Ndiyo maana humenywa, hulowekwa siku kadhaa, huanikwa, ndipo husagwa. Anayeharakisha hatua hizo anahatarisha familia yake. Klorini, kwa upande wake, hutoka kiwandani, lakini kiasi kidogo chake kwenye maji ya bomba huua vimelea vya kipindupindu.

Basi muulize muuzaji: ndani kuna nini, na kwa kiasi gani?